Shuka Nyeupe ya Mzee Hanif

Kwa Mzee Hanif,
Nyumba ya nyuma, Lavington.
Jumatano.

Dada yangu Muthoni, Mama Ciru,

Pokea salamu zangu, wewe wa kwanza, kisha Ciru ambaye najua ndiye anayekusomea, kisha yule ng'ombe mweusi aliyenipiga teke Krismasi, maana nimeshamsamehe. Macho yanaendeleaje? Daktari alisema usikaribie moshi wiki sita, na mimi nakujua, siku ya pili tu ulikuwa umeinama jikoni unapuliza kuni. Na wale wapangaji wa nyumba zako mpya, bado wanaanika nguo juu ya ua wa miiba halafu wanalalamika zimetoboka? Waambie kaka yako wa Lavington yuaja. Mimi huku ni mzima. Nakula vizuri, nafanya kazi vizuri, nalala vizuri. Hapana, hilo la kulala tutalifikia.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu kwa simu ukisikia sauti yangu unaanza kucheka kabla sijamaliza hujambo, halafu unaniambia Ephantus, hizo hadithi wapelekee watoto, mimi nina maziwa jikoni. Barua haikatwi. Na wewe Ciru, mjomba wako anakuomba: msomee mama yote, usiruke, hata pale utakapotamani kuruka.

Habari ninayoleta ni ya ile bunduki.

Wewe ulipika katika nyumba hii miaka kumi na mmoja kabla ya kuniombea kazi, kwa hivyo bunduki unaijua. Lakini unaijua ya kabatini. Mimi naijua ya mezani. Mzee aliinunua mpya mwaka wa sabini na mbili, wakati duka la baba yake kule mjini lilikuwa bado linauza vitu vya wawindaji, mahema na taa na buti. Ni ya Kibelgiji, ya kuwindia, na ni ile inayojipakia yenyewe. Ukifyatua mara moja, ile hewa moto ya risasi inarudi kupitia kitundu chini ya mtutu, inasukuma chuma nyuma, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia, na wewe hujasogeza kitu ila kidole. Miaka mitano tu iliwinda. Uwindaji ukapigwa marufuku, na tangu siku hiyo haijaua chochote ila karatasi kwenye uwanja wa shabaha. Karibu miaka hamsini inakula karatasi! Lakini Mzee anaitunza kama mtu anayetarajia kuitwa kesho. Leseni haijawahi kuisha muda hata siku moja. Bunduki ina sefu yake, risasi zina sefu yao, na funguo zinalala shingoni mwake.

Sasa kazi yenyewe. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, meza ya barazani inatandikwa shuka nyeupe. Mzee husema kwenye mbao kitu kidogo kinajificha, kwenye shuka nyeupe hakina pa kujificha. Anaifungua bunduki kipande kwa kipande, anavipanga kutoka kushoto kwenda kulia jinsi vinavyotoka, kisha vinarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Shuka ikibaki tupu, anasema alhamdulillahi, na kazi imekwisha.

Na nani alikuwa anatandika hiyo shuka? Nani aliketi kile kiti cha mkono wa kulia miaka kumi na tisa, akishika brashi na kitambaa na chupa ya mafuta? Ni huyu Ephantus wa darasa la sita. Mzee alikuwa hawezi kuifungua bila mimi. Mimi naweza kuifungua nikiwa nimefungwa macho. Kule uwanja wa shabaha wakubwa watatu waliwahi kuniita kando wakiniomba nije kuwafundisha, nikakataa kwa heshima ya Mzee. Wale wezi wa mwaka juzi nao, si nilikusimulia? Nilivuta tu kile chuma cha bunduki, krrak, wakaruka ukuta wakaacha viatu. Na ya chui Ciru anaijua, kovu liko mkononi.

Basi Novemba akaja Nisreen. Ni mjukuu wa Mzee, binti ya Muzammil wa Mombasa, miaka ishirini na sita, amesomea uhandisi wa mashine. Akapata kazi Nairobi, akahamia chumba cha juu. Dada, angekuwa na kiburi ningemchukia nikapumzika. Lakini hana. Ananiita Anko Ephantus, ananisalimia kabla sijamsalimia, sahani yake anaosha mwenyewe. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje bila kujiona mbaya?

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nimeshatandika shuka yangu, imenyooka kama karatasi. Nisreen akatoka nje akamwuliza babu yake kama anaweza kutazama. Pale barazani kuna viti viwili. Mzee alikitazama chake, akakitazama changu, kisha akaniambia kwa upole kabisa, Ephantus, hebu basi tuletee chai.

Nilileta chai. Niliporudi na ile sinia, msichana ameketi kwenye kiti changu, ameshika brashi yangu, na Mzee anamweleza mambo ambayo mimi hakuwahi kunieleza, habari za baba yake, za siku aliyoinunua, sauti yake imekuwa ya kijana. Nikasimama na sinia kama nguzo ya taa. Na yule askari wetu Lazarus, badala ya kutazama geti, akawa ananitazama mimi. Jioni akaniambia hongera, umepandishwa cheo, sasa wewe ni Waziri wa Chai. Nikamwambia achunge mdomo wake. Kila mwezi tangu hapo akiniona na sinia anapiga saluti.

Hayo ningeyameza. Lakini ikaja habari ya mafuta. Kwa mwaka mzima bunduki ilikuwa inakwama, ganda linatoka nusu linang'ang'ania mlangoni. Mzee akasema ni uzee wa springi. Mimi nikasema ni kukosa mafuta, nikawa namsihi tuongeze, na Mzee akawa ananiachia chupa, mimi natia mafuta ya cherehani kila mahali, hata ndani ya ile silinda hewa inakopita. Januari Nisreen akaifungua silinda, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri iliyoungua. Akaeleza kwamba hapo mafuta hayatakiwi, yanachomeka yanageuka lami, pistoni inashindwa kukimbia. Pakavu, akasema, hapa panatakiwa pakavu. Kisha akanigeukia, nimesimama na sinia, akasema Anko usijali, watu wengi hukosea hapo.

Watu wengi! Mimi nimekuwa watu wengi!

Akaisugua siku hiyo mpaka ikang'aa, wakaenda uwanjani, risasi tano zikatoka moja baada ya nyingine bila kukwama. Mzee alirudi akicheka peke yake ndani ya gari. Wiki hiyo hiyo akatangaza mezani kwamba Nisreen ataomba leseni yake, ili siku Mungu akipenda bunduki iwe mikononi mwake kihalali, isiende kuozea stoo ya polisi. Nilikuwa naweka supu. Nilitaka kusema na mimi je? Lakini na mimi nini? Mimi ningepewa leseni ya nini, ya shuka?

Dada, sijui kama umewahi kuona wivu mchana kweupe. Wangu ulikuwa unaamka na mimi saa kumi na moja asubuhi, unafyeka majani na mimi, unakunywa uji na mimi. Nikiona gari la msichana nawaza tairi. Nikisikia anacheka na babu yake nahesabu, mimi nimemchekesha mara ngapi miaka kumi na tisa, na hakuna siku alicheka hivyo. Hata shuka nilianza kuichukia, nikaitandika ikiwa na mikunjo makusudi. Nisreen akainyoosha.

Sasa Ciru, hapa soma polepole.

Jumamosi ya kwanza ya Februari Mzee alisema leo sehemu ngumu ataifanya yeye, mkono usisahau. Akatoa ile pini ndogo inayoshikilia sindano ya kugonga risasi. Ni fupi kuliko njiti ya kiberiti. Akaiweka ukingoni mwa shuka, upande wangu niliposimama. Nisreen alikuwa amefumba jicho moja anachungulia mtutu. Mzee akageuka kuchukua miwani. Nami nikainama kuweka sinia, nikaweka, nikainuka, na pini ilikuwa ndani ya bakuli la sukari. Nikalichukua bakuli nikaenda nalo jikoni. Ni mimi, dada. Ni mkono huu huu unaoandika.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Pini ikikosekana, Mzee atasema zamani Ephantus alipokuwa mezani hakuna kilichopotea. Msichana ataaibika. Kisha mimi nitatambaa kwenye nyasi dakika tano nitaipata, na kiti kitarudi.

Wakarudisha vipande kutoka kulia kwenda kushoto. Walipofika kwenye sindano, shuka ilikuwa tupu kabla ya wakati. Nisreen aliinua vikombe, akainua meza, akaikung'uta shuka. Na Mzee, badala ya kumtazama yeye, aliitazama mikono yake mwenyewe. Akasema ni mimi niliyeitoa. Akasema nimeiweka wapi?

Hilo sikuwa nimelipanga.

Siku tatu Nisreen alipitisha sumaku kwenye nyasi kama mtu anayepiga pasi. Hata ningetaka kusema nimeipata, hapakuwa tena na mahali pa kuipatia. Siku ya nne Mzee aliniita chumbani, akafunga mlango. Akasema Ephantus, wewe umekaa nami kuliko wanangu, wao watanificha kwa huruma, wewe niambie kweli: nimeanza kupoteza vitu? Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya chifu. Ningeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini nilikumbuka kile kiti, na nikaogopa pia, vyote viwili pamoja, na nikasema ndiyo Mzee, kidogo kidogo.

Akasema asante.

Tangu siku hiyo mtu amezimika. Amebandika karatasi kwenye madroo, hii soksi, hii dawa. Ufunguo wa gari amempa Nisreen. Kila asubuhi anamwuliza Lazarus leo ni siku gani, na Lazarus anajibu bila mzaha, Lazarus huyo unayemjua. Tasbihi zake alizokuwa akizihesabu kwa sauti mpaka nasikia kutoka bustanini, sasa anazihesabu kimya, nadhani anaogopa kukosea asikike. Amemwambia Muzammil aje amchukue, ampeleke Mombasa. Na Jumatatu hii inayokuja anaipeleka bunduki polisi pamoja na leseni, ili ikatwe vipande. Amesema mtu anayepoteza pini leo, kesho atapoteza risasi. Nisreen alilia, akasema tuagize pini nyingine Ulaya. Mzee akasema pini inaagizwa, akili haiagizwi.

Jana nilishindwa. Pini nilikuwa nimeitia kwenye kopo langu la mafuta ya kujipaka, haijapata hata alama ya kutu. Nikaifuta, nikaenda barazani, Mzee na Nisreen wote wapo, nikaiweka mezani nikasema niliiba mimi. Nikasema yote, sinia, wivu, yote.

Mzee aliiinua kwenye mwanga, akaitazama sana. Kisha akatabasamu. Dada, alitabasamu! Akanishika bega akasema, Ephantus, nimesikia hadithi zako miaka kumi na tisa, ya chui, ya wezi, ya mamba wa bwawani, na hii ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu hii umenitungia mimi. Anaamini nimetambaa kwenye nyasi mwezi mzima mpaka nikaipata, na sasa najitia wizi ili kumwondolea mzee aibu. Nikaapa. Akaniambia nisiape kwa ajili yake, ni dhambi. Nikamgeukia Nisreen, nikasema wewe umesoma, mweleze babu yako. Macho yake yalikuwa na machozi, akasema Anko, Mungu akulipe. Kisha akainuka, akakivuta kile kiti cha mkono wa kulia, akanikalisha mimi, akaenda yeye kuleta chai.

Nimekalia kiti changu, Muthoni. Kilikuwa kama jiko.

Na Jumatatu haijabadilika. Pini imepatikana, akasema, bunduki itaenda ikiwa kamili.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Mzee hajasahau ile bangili ya dhahabu ya marehemu mkewe uliyoikuta kwenye unga ukairudisha siku hiyo hiyo. Mpaka leo akitaka kusema mtu ni mkweli, anasema kama Muthoni. Neno lako litasimama pale langu limelala. Lakini najua na wewe utaanza kwa kucheka, kwa hivyo wacha kwanza nisafishe mtutu wangu. Sijawahi kufyatua risasi hata moja maishani. Hakuna wakubwa watatu walioniita kando, mmoja aliniita nimwoshee gari. Wezi hawakuja, vile viatu vilikuwa vyangu vya zamani, nilivirusha ukutani mwenyewe. Mzee alikuwa anaifungua bunduki bila mimi tangu sijazaliwa, kazi yangu ilikuwa shuka. Na Ciru, kovu si la chui. Ni seng'enge ya nyanya yako, nilipokuwa naiba mapera. Mama yako alikuwepo, alinifunga kwa leso, na miaka yote hii amenyamaza nikiwasimulia. Samahani, mama.

Sasa nikiwa nimefika hapa na kalamu, nimekumbuka jambo. Siku ile nilipoondoka na bakuli, Mzee alikuwa bado hajatia sukari. Alinyoosha kijiko, bakuli halipo, akauliza Ephantus sukari inaenda wapi, nikajifanya sikusikia. Alikunywa chai chungu, na wewe unajua Mzee huyo na vijiko vyake vitatu. Nisreen hakusikia, alikuwa amerudi kwenye mtutu. Mimi jana sikulitaja, wala kwa mtu yeyote. Linajulikana na mimi na Mzee tu, na sasa na ninyi.

Kwa hivyo nakuomba, njoo na Ciru wa kukusomea, kabla ya Jumatatu. Usianze kwa kumsomea barua. Keti naye, kula naye, kisha umwulize kama mtu anayeuliza upuuzi tu: Mzee, siku ile pini ilipopotea, chai yako ilikuwaje? Halafu unyamaze umwache atafute. Akikuambia haikuwa na sukari, akikuambia Ephantus alikimbia na bakuli, basi mfungulie barua hii mpaka hapa. Atajua nani mwizi. Na atajua kwamba akili yake ilikuwepo pale mezani siku ile na haijatoka.

Na asipokumbuka? Nimeliwaza hilo tangu mchana. Msomee vivyo hivyo.

Akinifukuza, nitakuja kukulishia yule ng'ombe mweusi, ajue tu sitasimama nyuma yake. Mzigo wangu ni sanduku moja, nimeshalifunga. Shuka nimeifua na kuipiga pasi, iko juu ya kiti.

Lazarus anapumzika kesho, anapitia hapo kwenu Dagoretti Corner kwenda kwao, ndiye anayekuletea. Mpe chai, lakini usimwambie kilichomo, atapiga saluti mpaka afe. Nisalimie wapangaji wote, hata wasiolipa pesa za taka. Msalimie mwalimu Ciru na umwambie nimejitahidi na mwandiko. Dawa ya macho tia asubuhi na jioni, na moshi ukae nao mbali, ninakuomba kama mdogo wako wa mwisho uliyembeba mgongoni.

Mimi ndugu yako, bila chui,
Ephantus